Bibi Curie na Nuru Iliyomgharimu Maisha

Mjini Paris, katika njia iitwayo Pierre et Marie Curie, liko jumba dogo la makumbusho. Humo Bibi Marie Curie alifanya kazi hadi mwaka 1934. Nilipofika nilionyeshwa ofisi na maabara yake, nikaelezwa kuwa maabara hiyo ilibidi kusafishwa mwaka 1981 kwa sababu ya sumu ya radiamu iliyobakia mle. Je, msomaji, ni mwanamke gani huyu aliyeishi na sumu hiyo?

Alizaliwa Warsaw, Poland, Novemba 7, 1867. Nchi yake ilitawaliwa na Warusi, na chuo kikuu cha huko hakikupokea wanawake. Basi akapeana ahadi na dada yake mkubwa, Bronia: Bronia atangulie Paris kusomea udaktari, naye Maria abaki kusomesha watoto wa matajiri na kumpelekea fedha, kisha zamu igeuke. Ahadi ikatimizwa. Mwaka 1891 Maria akasafiri, na mwaka 1893 akawa wa kwanza katika mtihani wa fizikia.

Mwaka 1895 aliolewa na mtaalamu mwenzake, Pierre Curie. Mwaka 1898 wakatangaza elementi mbili mpya, poloniamu na radiamu. Ndani ya banda bovu, Bibi Curie alichemsha na kuchuja tani za mawe ya madini. Kufikia 1902 akapata sehemu moja ya kumi ya gramu tu ya chumvi ya radiamu! Hata hivyo, wawili hao hawakujiwekea haki ya uvumbuzi wao. Waliutoa bure kwa walimwengu.

Mwaka 1903 walipata Tuzo ya Nobel. Mwaka 1906 Pierre aligongwa na gari la farasi, akafa. Mjane huyo mwenye mabinti wawili alishika kazi ya mumewe, akawa mwanamke wa kwanza kufundisha Sorbonne. Mwaka 1911 akatunukiwa Nobel ya pili, ya kemia.

Radiamu ikawa tiba ya saratani, lakini yeye aliishika miaka mingi bila kinga. Alifariki Julai 4, 1934, kwa maradhi ya damu. Hata madaftari yake yangali yanatoa miale.

Mwaka uliofuata, bintiye Irène na mumewe nao walipata Nobel ya kemia. Ama kweli, binti akisomeshwa, faida yake haimwishii yeye peke yake.