Janani Luwum: Askofu mkuu aliyebaki na kundi lake

Kila tarehe 16 Februari ni sikukuu ya taifa nchini Uganda, na mahujaji humiminika katika kijiji cha Mucwini, wilayani Kitgum, kaskazini mwa nchi hiyo. Hapo ndipo lilipo kaburi la Janani Luwum, askofu mkuu wa Kanisa Anglikana aliyeuawa mwaka 1977 chini ya utawala wa Idi Amin. Kwa Waanglikana wa Rwanda, Burundi na mashariki mwa Kongo, kumbukumbu hiyo si ya jirani tu. Luwum alikuwa pia askofu mkuu wao, kwani jimbo aliloliongoza lilizijumuisha Uganda, Rwanda, Burundi na Boga, katika nchi iliyoitwa Zaire wakati huo.

Alizaliwa Mucwini mwaka 1922, katika jamii ya Waacholi. Utotoni alichunga mifugo ya familia na akachelewa kuanza shule, lakini alisoma kwa bidii hadi akawa mwalimu wa shule ya msingi. Januari 1948 maisha yake yalichukua mkondo mpya alipoguswa na mahubiri ya wafuasi wa Uamsho, wanaojulikana Uganda kwa jina la Balokole, yaani waliookoka. Vuguvugu hilo, lililoanzia Gahini, mashariki mwa Rwanda, katika miaka ya 1930, liliwataka waumini waungame dhambi zao hadharani na wasifiche lolote mbele ya ndugu zao. Desturi hiyo ya kusema kweli waziwazi ndiyo iliyomlea Luwum kiimani, na ndiyo baadaye iliyomgharimu uhai.

Mwaka 1949 alijiunga na chuo cha theolojia cha Buwalasi, na mwaka 1956 akapewa upadri. Alipata pia masomo nchini Uingereza, kisha akarudi na kukiongoza chuo kile kile kilichomfunza. Mwaka 1969 aliwekwa wakfu kuwa askofu wa Uganda Kaskazini. Ibada hiyo ya mjini Gulu ilihudhuriwa na Rais Milton Obote pamoja na mkuu wa jeshi wa wakati huo, Idi Amin. Januari 1971 Amin alimpindua Obote, na wanajeshi wengi wa Kiacholi na Kilango wakauawa katika miezi iliyofuata.

Luwum aliposhika uaskofu mkuu mwaka 1974, hofu ilikuwa imetanda nchi nzima. Watu walikamatwa mchana kweupe wasionekane tena. Askofu mkuu alikwenda mwenyewe katika ofisi za idara ya upelelezi iliyoogopwa na kila mtu, akiulizia waliotoweka na kuwaombea wafungwa waachiliwe. Hata hivyo, hakukosa wa kumlaumu. Kwa kuwa aliendelea kuhudhuria hafla za serikali na kuzungumza na Amin, baadhi ya Wakristo walimwona kuwa ameegemea upande wa watawala. Yeye aliamini kwamba mlango ukifungwa kabisa, hatabaki mtu wa kuwasemea waliomo vizuizini.

Mwaka 1976 alikutana na viongozi wa Kikatoliki na wa Kiislamu ili kujadili kwa pamoja mauaji na uporaji uliokuwa ukifanywa na askari. Umoja huo ulimkasirisha Amin. Usiku wa kuamkia tarehe 5 Februari 1977, wanajeshi walivamia makazi ya askofu mkuu huko Namirembe, Kampala, wakidai kutafuta silaha. Walipekua kila pembe na hawakupata kitu.

Maaskofu walijibu kwa barua. Katika waraka wa tarehe 10 Februari walimweleza Amin bila kuficha kwamba raia hawana usalama mikononi mwa wale wanaopaswa kuwalinda. Wapo waliomsihi Luwum akimbie nchi wakati njia ingalipo. Alikataa. Alikuwa na waumini ambao hawakuwa na pa kukimbilia, na hakuona vipi mchungaji angetangulia kuondoka zizini.

Tarehe 16 Februari viongozi wa dini na mabalozi waliitwa katika hoteli ya Nile Mansions. Silaha zilitandazwa mbele ya umati wa wanajeshi, na taarifa ikasomwa ikimhusisha Luwum na njama za kumrejesha Obote. Askari walipaza sauti wakitaka auawe. Maaskofu wengine waliambiwa waende nyumbani, naye akazuiliwa. Siku iliyofuata serikali ilitangaza kwamba askofu mkuu na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi, wamefariki katika ajali ya gari. Jeneza lilipofunguliwa Mucwini, waliokuwapo waliona majeraha ya risasi.

Mwili haukufikishwa Namirembe, ambako kaburi lilikuwa limechimbwa karibu na lile la Askofu James Hannington, aliyeuawa mwaka 1885. Ingawa serikali ilipiga marufuku ibada ya maombolezo, maelfu walikusanyika kanisani, wakaimba na kulizunguka kaburi tupu. Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, aliyekuwa pamoja na Luwum siku ile ya mwisho, alivuka milima kwa miguu usiku pamoja na mkewe hadi Rwanda, alikopata hifadhi.

Amin aliondolewa madarakani Aprili 1979 na majeshi ya Tanzania pamoja na wapiganaji wa Uganda. Alifariki uhamishoni Saudi Arabia mwaka 2003 bila kufikishwa mahakamani kwa lolote. Sanamu ya Luwum imesimama tangu mwaka 1998 juu ya lango la kanisa la Westminster Abbey, London, pamoja na za wafiadini wengine tisa wa karne ya 20. Mwili wake ungali Mucwini, katika ardhi alikochungia mifugo.