Robert Koch: Daktari aliyefuata papasi hadi Morogoro

Miongoni mwa wanasayansi mashuhuri waliopata kufika nchini enzi za ukoloni ni Daktari Robert Koch, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1843 na kujipatia sifa mwaka 1882 kwa kugundua bakteria wa kifua kikuu.

Mwaka 1905 alifuata njia ya misafara kutoka Dar es Salaam kupitia Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, akichunguza papasi waliojificha katika sakafu za udongo za vibanda vya wasafiri. Alithibitisha kwamba papasi hao hueneza homa ya vipindi, na kwamba hurithisha vijidudu vyake kupitia mayai. Alibaini pia kuwa wageni waliugua vibaya, ilhali wenyeji walioumwa na papasi tangu utotoni walikuwa na kinga. Desemba mwaka huo alitunukiwa Tuzo ya Nobel.

Mwaka 1906 alirejea Afrika Mashariki kukabiliana na malale, na kupiga kambi katika visiwa vya Sese, Ziwa Victoria. Huko alitumia Atoxyl, dawa yenye aseniki. Vimelea vilitoweka katika damu na wagonjwa wakapata nafuu, lakini baadaye maradhi yalirudi. Dozi zilipoongezwa, wagonjwa zaidi ya 20 walipofuka.

Mwaka 1907, mjini Frankfurt, Paul Ehrlich na wenzake walionyesha, kwa kutumia panya, kuwa vimelea vya jamii hiyo vinaweza kujenga usugu dhidi ya Atoxyl.

Koch alifariki dunia Mei 27, 1910, kabla sayansi haijaeleza kinachotokea mwilini. Leo inafahamika kwamba chembe nyeupe za damu hutengeneza kingamwili zinazolenga koti la kimelea cha malale. Vimelea vingi hufa, lakini vichache hubadili koti na kuzaliana upya, nazo chembe hizo hulazimika kuanza kazi tena. Vijidudu vya homa ya papasi navyo hubadili sura, ila mara nyingi mwili huvishinda hatimaye. Kwa malale, mwili huchoka kabla ya adui. Dawa ikikutana na usugu, mgonjwa hukosa ngao zote mbili.

Hivyo njia ya Morogoro ilimwonyesha Koch nguvu ya kinga, na Sese ikamwonyesha kikomo cha dawa. Gharama ya somo hilo la pili waliilipa wagonjwa waliopoteza macho yao.