Abdus Salam: Neno lililofutwa kaburini

Marehemu Profesa Abdus Salam, mzaliwa wa Jhang, Punjab, alikuwa Mpakistani wa kwanza kutunukiwa Tuzo ya Nobel, mwaka 1979, kwa utafiti wa fizikia. Wakati huo nchi yake ilikuwa imekwisha kuikana imani yake. Mwaka 1974 Bunge la Pakistan liliamua kuwa Waahmadiya, jamii ya wazazi wake, si Waislamu. Salam alijiuzulu wadhifa wa mshauri wa serikali kuhusu sayansi, ila uraia hakuuacha.

Alifariki Oxford mwaka 1996, akazikwa Rabwah. Jiwe la kaburi lilimtaja kuwa Mwislamu wa kwanza kushinda Nobel kwa kazi ya fizikia. Kwa amri ya hakimu, neno Mwislamu likafutwa. Maandishi yaliyosalia yakawa hayana hata maana.