Petrarca: Mshairi aliyepanda mlima kutazama mandhari, akashuka kimya

Siku hizi mtu akipanda mlima wikendi, akapiga picha kileleni na kuziposti, hakuna anayeshangaa. Mwaka 1336 mambo yalikuwa tofauti. Watu wengi walienda mlimani kwa shida zao: kuchunga mifugo, kutafuta kuni au kuvukia upande wa pili. Kupanda ili kutazama tu? Huko kulionekana ni kujitafutia taabu.

Francesco Petrarca aliitafuta taabu hiyo kwa hiari yake. Kwa mujibu wa barua yake, tarehe 26 Aprili mwaka huo, akiwa na umri wa miaka 31, mshairi huyo Mwitaliano alipanda Mont Ventoux, kusini mwa Ufaransa. Barua hiyo ndiyo iliyofanya baadhi ya watu wamwite baba wa wapanda milima. Lakini alichokipata kule juu sicho alichokifuata.

Mtoto wa mkimbizi

Petrarca alizaliwa Arezzo, Italia, tarehe 20 Julai 1304. Baba yake alikuwa amefukuzwa Florence kwa sababu za kisiasa, hivyo familia ikawa ya kuhamahama. Wakaishia kusini mwa Ufaransa, kwa kuwa wakati huo Papa alikuwa anaishi Avignon na kazi zilikuwa huko. Nyumba mjini zilikuwa za shida, mama na watoto wakakaa mji jirani wa Carpentras.

Ukiwa Carpentras, Mont Ventoux unaonekana vizuri tu, umesimama peke yake, kichwa cheupe. Petrarca alikua akiutazama mlima huo kila siku.

Baba alitaka mwanawe awe mwanasheria, akampeleka kusoma Montpellier, kisha Bologna. Kijana yeye alipenda vitabu vya Warumi wa kale. Siku moja mzee alivikuta vimefichwa, akavitupa motoni. Alipoona mtoto analia, akaokoa viwili. Baba alipofariki mwaka 1326, sheria ikaishia hapo.

Petrarca alirudi Avignon na mdogo wake, Gherardo. Wakawa vijana wa mjini hasa: nywele zimetengenezwa mawimbi, viatu vya kubana hadi miguu inauma. Tarehe 6 Aprili 1327, kanisani, Petrarca alimwona mwanamke aliyemwita Laura. Hakumpata kamwe, ila alimwandikia mashairi kwa miaka mingi, na mashairi hayo ndiyo yaliyomjengea jina Ulaya nzima.

Nani wa kwenda naye?

Wazo la kupanda Ventoux lilimjia aliposoma habari za mfalme mmoja wa Makedonia aliyepanda mlima ili aone bahari mbili kwa mara moja. Tatizo likawa mtu wa kufuatana naye. Rafiki huyu mvivu, yule ana haraka mno. Huyu ana huzuni sana, yule anacheka kupita kiasi. Aliyewahi kupanga safari ya kundi anaijua shida hii. Mwisho akamchagua mdogo wake.

Walilala Malaucène, kijiji kilicho chini ya mlima, wakapumzika siku moja, kisha wakaanza kupanda wakiwa na watumishi wawili. Njiani wakakutana na mzee mchunga kondoo. Mzee akawasihi warudi. Yeye mwenyewe alifika kileleni miaka 50 nyuma, na hakupata kitu zaidi ya majuto, mwili uliochubuliwa na mawe na nguo zilizochanwa na miiba. Kumbe Petrarca hata hakuwa wa kwanza! Mzee alipoona vijana hawasikii, akawaonyesha njia, nao wakamwachia mizigo isiyo ya lazima.

Njia mbili

Hapa ndipo ndugu wawili walipoachana. Gherardo alishika njia ya mkato, kupanda moja kwa moja juu ya mgongo wa mlima. Ngumu, lakini inafika. Petrarca alitafuta njia laini. Kila alipoiona, ilimshusha bondeni, akalazimika kupanda upya. Alipomfikia mdogo wake alimkuta amekaa, amepumzika, anamsubiri. Wakaondoka tena, naye akarudia kosa lile lile. Mara tatu au zaidi.

Mwisho akakaa chini bondeni, akajiambia ukweli: hivi ndivyo anavyoishi. Anataka kufika juu, lakini hataki kulipa gharama ya kupanda.

Kileleni

Hatimaye walifika. Mawingu yalikuwa chini ya miguu yao. Upande mmoja waliiona milima ya Alps yenye theluji, upande mwingine bahari karibu na Marseille, na chini kabisa mto Rhône.

Petrarca alitoa kitabu kidogo alichokuwa akitembea nacho, Maungamo ya Mtakatifu Augustino, askofu wa Afrika Kaskazini aliyezaliwa mahali ambapo leo ni Algeria. Alipewa na padri rafiki yake, Dionigi. Akakifungua popote tu, na macho yakaangukia sehemu inayowasema watu wanaosafiri kwenda kustaajabia milima, bahari na nyota, huku nafsi zao wakizisahau.

Alishtuka. Akafunga kitabu, akajikasirikia. Njia nzima ya kushuka hakusema neno. Kila alipogeuka kukitazama kilele, kilionekana kifupi, kama kimo cha dhiraa moja. Usiku, watumishi wakiandaa chakula kwenye nyumba ya wageni, akakaa pembeni kumwandikia Dionigi.

Barua yenye utata

Hivyo ndivyo barua inavyosema. Lakini watafiti wengi wanaamini kuwa, kwa sura tuliyonayo leo, iliandikwa baadaye sana, karibu mwaka 1353. Dionigi alikuwa ameshafariki tangu 1342. Wapo hata wanaojiuliza kama safari yenyewe ilikuwa hivyo kweli.

Kama watafiti wako sahihi, basi Petrarca aliandika kuhusu zile njia mbili akiwa anajua tayari zilimfikisha wapi kila mmoja.

Gherardo aliacha starehe zote mwaka 1343 na kuwa mtawa katika monasteri ya Montrieux. Tauni ilipoingia mwaka 1348, wenzake zaidi ya 30 walikufa. Aliwahudumia, akawazika kwa mikono yake, akabaki yeye na mbwa wake akilinda nyumba. Alishika njia ya moja kwa moja hadi mwisho.

Petrarca alizunguka. Mwaka 1341 alivikwa taji la ushairi Roma, akawa maarufu kuliko mwandishi yeyote wa enzi zake. Alikuwa mtu wa kanisa, lakini alizaa watoto wawili nje ya ndoa. Tauni ilimchukua Laura mwaka 1348, na mwaka 1361 ikamchukua mwanawe, Giovanni. Alihama Milan, Venice, Padua. Umaarufu aliupenda, na aliona aibu kuupenda.

Mwisho wa safari

Miaka yake ya mwisho alitulia Arquà, kijiji kidogo kwenye vilima vya Euganei karibu na Padua, akiwa na binti yake Francesca na familia yake. Alifariki Julai 1374, akikaribia kutimiza miaka 70. Simulizi zinasema alikutwa ameinamia kitabu.

Leo kijiji kinaitwa Arquà Petrarca, na vilima vile ni hifadhi ya mkoa yenye njia za kutembea. Mont Ventoux nao, wenye urefu wa takriban mita 1,910, tangu mwaka 2020 uko ndani ya hifadhi ya asili ya mkoa inayobeba jina lake. Barabara ya lami inafika hadi juu. Wanaopanda kwa miguu bado wanaanzia Malaucène, na siku ya hewa safi wanaiona Alps ile ile.

Ushauri wa yule mzee wa kondoo hakuna aliyeufuata. Ila wengi wanaofika kileleni hutoa simu mfukoni kwanza. Petrarca alitoa kitabu, na kikamfanya ajitazame mwenyewe.