Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui: Mtu wa Kudumu

Ndugu Waislamu, maradhi yanayotusumbua si uchache wa watu wenye nia njema. Nia tunazo tele. Ramadhani ikiingia misikiti hujaa, madarasa hufunguliwa na vijana huahidi mengi. Hauandami mwezi wa Mfunguo Pili ila mikeka imekwisha kunjwa na mwalimu amebaki peke yake. Himma yetu ni moto wa makuti: huwaka kwa kishindo, na mara huwa jivu. Kwa hivyo tumeona yatupasa kukumbushana maisha ya mtu ambaye moto wake ulikuwa wa kuni ngumu.

Sheikh Al-Amin bin Ali alizaliwa Mombasa mwaka 1891, katika ukoo wa Mazrui uliokuwa umetawala mji huo mpaka mwaka 1837, Sayyid Said bin Sultan alipouondoa. Baba yake, Sheikh Ali bin Abdallah, alikuwa mwanachuoni mkubwa, lakini alifariki mwaka 1894 na kumwacha mwanawe angali mdogo mno kuchota katika bahari ile. Mwaka uliofuata Waingereza wakaishika nchi. Mbaruk bin Rashid, mkubwa wa Mazrui wa Gasi, akapigana nao mpaka mwaka 1896, alipolazimika kuvuka mpaka akaingia katika nchi iliyoshikwa na Wajerumani.

Basi mtoto huyu alikua akakuta baba hayupo, utawala umekwisha na upanga umewekwa chini. Wangapi tunaowajua waliorithi jina kubwa wakaishi kwa kulisimulia barazani? Yeye hakulifanya jina kuwa kazi. Alilelewa na kusomeshwa na jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui, ambaye baadaye alikuwa Kadhi Mkuu. Kisha akavuka bahari kwenda Unguja kusoma kwa mabwana wawili waliokuwa taa za pwani hii, Sayyid Ahmad bin Sumait na Sheikh Abdallah Bakathir. Mabwana hao walifariki mwaka mmoja, 1925.

Hapa kuna jambo linalotaka kuangaliwa. Mtu aliyekwisha kupata ijaza kwa masheikh kama hao, na watu wakamwamkia kwa heshima, kwa kawaida hujiona amefika. Sheikh Al-Amin hakujiona hivyo. Akayasoma maandishi ya Sheikh Muhammad Abduh wa Misri, na gazeti la Al-Manar ambalo Sayyid Rashid Rida alilianzisha Cairo mwaka 1898. Akaona kwamba hali ya Waislamu wa pwani haikuwa imeharibiwa na wageni peke yao. Palikuwa na ujinga wa dini na wa dunia, ufujaji wa mali katika maharusi na matanga, uuzaji wa mashamba ya urithi, na wasichana kunyimwa elimu. Hakuona haya kuwa mwanafunzi tena, hali mwenyewe ni mwalimu. Huko ndiko kukua kwa mtu: ndevu hukua zenyewe, lakini akili hukua kwa kulishwa.

Mwaka 1930 akaanza kutoa karatasi aliyoiita Sahifa, maana yake ukurasa. Jina lenyewe latufunza. Hakungoja apate chama kikubwa, wala nyumba ya kupigia chapa, wala tajiri wa kumbeba. Alianza na ukurasa. Tena aliandika kwa Kiswahili, wakati ambapo wanavyuoni wengi walipotaka kuandika jambo zito walishika Kiarabu. Alitaka asomwe na mwenye duka, na nahodha, na mama nyumbani. Mwaka 1932 likafuata gazeti la Al-Islah, yaani kutengeneza mambo. Aliwaambia watu wake wasiige Wazungu katika mavazi na anasa. Kama wataka kuiga, na waige bidii ya kazi, kutunza wakati na kusaidiana. Maneno hayo hayakumpendeza kila mtu. Mwenye kugusa mazoea ya watu hugusa kidonda.

Magazeti hayo hayakuishi muda mrefu. Mwaka huo huo wa 1932 alifanywa Kadhi wa Mombasa, na mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Mtu angesema kazi ya kalamu imekufa. Lakini mwaka 1944 makala zake zilitolewa katika kitabu kiitwacho Uwongozi, na kitabu hicho kikawafikia watu ambao hawakupata kuyaona magazeti yenyewe.

Alikuwa na kazi nyingine nzito zaidi. Tafsiri kamili ya Qur'ani kwa Kiswahili iliyochapishwa mwaka 1923 ilikuwa ya padri wa Kiingereza, Godfrey Dale. Sheikh Al-Amin alijua kwamba kulalamika hakutoshi. Dawa ni Waislamu wenyewe kuifanya kazi hiyo. Akaanza kufasiri, na hukumu za watu zikimngoja kila asubuhi. Akaandika vile vile, kwa Kiarabu, tarikhi ya ukoo wake wa Mazrui. Mwaka 1947 ajali ikamfika, na kazi zote mbili hazijakamilika. Umri wake ulikuwa miaka 56.

Je, alishindwa? Tazameni yaliyofuata. Mwanafunzi wake, Sheikh Muhammad Kasim Mazrui, alikamata kalamu baada yake, naye akawa Kadhi Mkuu. Mwanafunzi wake mwingine, Sheikh Abdallah Saleh Farsy wa Unguja, alitoa tafsiri kamili ya Qur'ani kwa Kiswahili mwaka 1969, nayo ingali mikononi mwetu. Ile tarikhi ilichapishwa mwaka 1995, miaka 48 baada ya mwandishi kuzikwa. Na mwanawe Ali, aliyeachwa yatima wa miaka 14, alikuwa profesa mashuhuri ulimwenguni mpaka alipofariki mwaka 2014.

Haya twayasema hasa kwa vijana wetu walio mbali na nyumbani. Kijana wa pwani akipata kazi Kanyangi, katika Kitui, ya kusomesha au ya duka, mara nyingi miezi ya kwanza huwa na ari. Kisha upweke humwingia: hana darasa la baina ya Magharibi na Isha, hana wenzake wa kumwuliza amesoma nini, na siku zote zafanana. Husema moyoni kwamba atarudi kujiendeleza akirudi pwani. Nasi twamwambia asingoje. Njia ya Kitui wazee wetu waliijua tangu zama za misafara ya pembe, na waliokwenda huko na dini yao waliisimamisha wakiwa wachache. Naye Sheikh Al-Amin, ijapokuwa alikaa katikati ya mji wenye misikiti mingi, fikira zake zilikuwa za watu wachache mno. Kilichomweka si wingi wa wenzake wala sifa za watu, ila kazi ya kila siku aliyojipimia mwenyewe.

Basi na ajipimie naye: ukurasa mmoja wa kusoma baada ya Alfajiri, mtoto mmoja wa kufundisha alifu na be, hesabu ya duka iandikwe kila jioni kwa uaminifu. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametufunza kwamba amali ipendezayo zaidi mbele ya Mwenyezi Mungu ni ile idumuyo, hata ikiwa chache. Na asiyemaliza asihuzunike, maadamu ameacha kazi mahali ambapo mwingine aweza kuikamata.

Twamwomba Mwenyezi Mungu amrehemu Sheikh Al-Amin, awarehemu walimu wake na wanafunzi wake, na atujaalie sisi tuwe watu wa kudumu. Amin.