Bibi Salme binti Said na Jambo la Kufu

Ama baad. Ndugu kadhaa wa darasa yetu hapa Kapseret wameuliza juu ya kufu katika ndoa. Tumeona bora kuwaeleza maisha ya mtu mmoja mashuhuri, kwani kisa hufunza kuliko makemeo.

Bibi Salme alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, Unguja. Baba yake ni Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Unguja. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria wa Kicherkesi. Alisomeshwa Qur'ani, lakini wasichana hawakufunzwa kuandika. Akajifunza mwenyewe kwa siri, juu ya mfupa wa bega la ngamia. Baba alifariki mwaka 1856, na mama mwaka 1859. Mwaka huo huo Barghash alimwasi ndugu yao Seyyid Majid, na kalamu ile ya siri ikamtia Bibi Salme fitinani, kwani ndiye aliyewaandikia waasi barua zao. Seyyid Majid alimsamehe, lakini jamaa walikwisha gawanyika, naye akabaki mpweke.

Jirani yake mjini alikuwa Heinrich Ruete, mfanyabiashara Mjerumani wa Hamburg. Wakapendana. Mwezi wa Agosti 1866, akiwa mja mzito, alitoroka kwa manowari ya Kiingereza hadi Aden. Huko, tarehe 30 Mei 1867, alibatizwa, akaitwa Emily, na siku hiyo hiyo akaolewa. Mtoto wao wa kwanza alikufa angali mchanga. Hamburg akazaa watatu. Kisha mwaka 1870 mumewe akafa kwa ajali ya gari la farasi liendalo juu ya reli.

Akaishi kwa dhiki, akifundisha Kiarabu. Mwaka 1885 alirudi Unguja kudai urithi, na Seyyid Barghash, aliyejihatarisha kwa ajili yake zamani, hakumpokea. Mwaka 1886 alitoa kitabu cha maisha yake mjini Berlin. Mwaka 1888 akaja Unguja tena, akaondoka mikono mitupu. Alifariki Jena mwaka 1924, akazikwa Hamburg. Katika vitu vyake ulikutwa mchanga wa pwani ya Unguja.

Sasa tuzingatie. Cheo hakikuwa kizuizi cha ndoa ile. Bibi Zaynab binti Jahsh, mwanamke wa nasaba tukufu, aliolewa na Zayd bin Haritha, mtumwa aliyeachwa huru, na Mtume (S.A.W.) mwenyewe ndiye aliyemposea. Kizuizi kilikuwa dini, kwani sheria haimhalalishii Mwislamu mwanamke mume asiyekuwa Mwislamu. Kosa lake hatulitetei. Lakini tujiulize: yatima yule, aliyeogopewa kushika kalamu, nani alimkalia karibu akamsikiliza?

Basi, enyi wazazi, wafunzeni binti zenu kusoma na kuandika, na dini pamoja nayo. Na akija mposaji mwenye dini na tabia njema, msimrudishe kwa sababu ya ukoo, kabila au umasikini wake. Anayefungiwa mlango wa halali hutazama dirishani.

Wabillahi tawfiq.