Elijah McCoy, aliyeziwezesha treni kujitia mafuta

Umewahi kupanga foleni na debe lako la mahindi, halafu fundi akazima mashine ya kusaga kwa sababu beringi zimepata moto? Zamani hata treni zilisimama kwa shida kama hiyo. Aliyeitafutia dawa ni Elijah McCoy.

Alizaliwa mwaka 1844 huko Colchester, Ontario, nchini Kanada. Wazazi wake walikuwa watumwa waliotoroka kutoka jimbo la Kentucky, Marekani. Alipofika miaka 15 walimpeleka Edinburgh, Uskoti, akasomea uhandisi wa mitambo.

Aliporudi, familia ilikuwa imehamia Michigan, Marekani. Akaomba kazi katika reli ya Michigan Central. Ujuzi alikuwa nao, lakini kwa kuwa ni mtu mweusi hakupewa uhandisi. Alipewa kuchochea moto wa makaa na kutia mafuta kwenye vyuma.

Kazi hiyo ilimwonyesha tatizo lilipo. Chuma kikisuguana na chuma bila mafuta hupata moto, hulika, na mwisho hukwama. Kwa hiyo treni ilibidi isimame kila mara ili itiwe mafuta kwa mkono. McCoy akatengeneza kikombe cha mafuta cha kufunga kwenye injini. Mvuke wa injini yenyewe uliyaruhusu mafuta kuingia kwenye silinda huku injini ikifanya kazi. Tarehe 23 Julai 1872 alipewa hataza, yaani haki ya mvumbuzi.

Baadaye zilikuja injini za mvuke mkali zaidi, na oili peke yake haikutosha. Akabuni kifaa cha kupeleka oili iliyochanganywa na grafaiti, ule unga mweusi wa penseli, bila kuziba njia. Hataza zake zilizidi 50. Kwa kukosa mtaji, nyingi aliwauzia wengine. Kampuni yake mwenyewe aliifungua mwaka 1920, akiwa na zaidi ya miaka 70. Alifariki Oktoba 1929.

Leo zipo beringi za chuma chenye vitundu vidogo vinavyotunza oili kama sponji. Watafiti wamejaribu pia mafuta yenye chembe za sumaku, ili sumaku iyashikilie pale panaposuguana. Swali ni lile lile la McCoy: mafuta yafikeje mahali pake bila kusimamisha kazi?

Mwaka 2012 Marekani ilifungua ofisi ya hataza mjini Detroit. Imepewa jina lake.